Askari aliyeumia kazini: kufuatilia fidia na pensheni ukiwa Tanga

Kabla hujapanda basi la kwenda Dar es Salaam au Dodoma kuulizia malipo, andika jambo moja kwenye karatasi: askari huyu aliumia akiwa chini ya bendera gani? Jibu lake ndilo linaloamua mlango wa kugonga, na familia nyingi hugonga mlango usio wao kwa miezi mingi.

Aliyeumia ndani ya nchi, kambini, mazoezini au mpakani, madai yake yote yanabaki kwa JWTZ na Hazina. Aliyeumia kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, kwa mfano Darfur chini ya UNAMID, Kongo chini ya MONUSCO au Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya MINUSCA, ana haki zake za nyumbani na juu yake fidia ya Umoja wa Mataifa. Kundi la tatu ndilo linalochanganya watu: misheni za SADC, yaani SAMIM ya Msumbiji iliyoanza 2021 na SAMIDRC ya Kongo iliyoanza mwishoni mwa 2023. Hizo ni za jumuiya ya kusini mwa Afrika. Jedwali la fidia la Umoja wa Mataifa, lile la New York, haliwahusu. Watu wawili wanaweza kuwa wameumia Kongo hiyohiyo, mkoa uleule, mmoja akawa na dai Umoja wa Mataifa na mwingine asiwe nalo. Angalia barua ya uteuzi wa safari au cheti cha medali aliyopewa. Jina la misheni limeandikwa humo. Usitegemee kumbukumbu ya "alikuwa Goma".

Karatasi ya siku ile

Kila mfumo wa fidia ya kijeshi, uwe wa nchi au wa kimataifa, unauliza swali moja kabla ya kufika kwenye pesa: je, jeraha au ugonjwa umetokana na utumishi? Kuwa askari wakati wa kuumia hakutoshi. Aliyevunjika mguu kwenye gari la doria ana dai la wazi. Aliyevunjika mguu akiwa likizo Pangani hana, hata kama ana sare kabatini. Katikati yake ndipo ugomvi ulipo: mgongo uliochoka taratibu, masikio yaliyozibwa na milio ya mizinga, usingizi uliopotea baada ya shambulio.

Kwa hiyo karatasi yenye thamani kuliko zote ni ile iliyoandikwa karibu na tukio. Kwa misheni za Umoja wa Mataifa kuna taarifa ya majeruhi inayotumwa na misheni mara tu mtu anapoumia au kufa, wenyewe huiita NOTICAS. Baada yake hufuata baraza la uchunguzi, ambalo huandika nini kilitokea, nani alikuwapo, na kama kulikuwa na uzembe mkubwa au utovu wa nidhamu kwa upande wa aliyeumia. Baraza likiandika kwamba alijitakia mwenyewe, dai limekufa hapo. Ndani ya nchi pia jeshi lina mabaraza yake ya uchunguzi, na matokeo yake huingia kwenye faili la askari.

Askari mwenyewe, au mwenzake wa kikosi, ahakikishe mambo haya yameandikwa: tarehe na saa, mahali, amri aliyokuwa akiitekeleza, silaha au gari lililohusika, majina na namba za jeshi za mashahidi wawili au zaidi, na upande wa mwili ulioumia. Hilo la upande lidharau uone. Ripoti ya kwanza ikisema "mguu" bila kusema wa kushoto, ya pili ikasema wa kulia, bodi ya madaktari inayopima ulemavu itakurudisha nyuma mwaka mzima.

Hospitali za misheni zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 1 ni zahanati ya kikosi, ya 2 ina upasuaji wa msingi, ya 3 ni hospitali kamili kama ile ya Wahindi iliyokuwa Goma, na ya 4 ni hospitali kubwa nje ya eneo la misheni. Majeruhi anayehamishwa hupita ngazi mbili au tatu kwa siku chache, na kila ngazi ina faili lake. Muhtasari wa kuruhusiwa kutoka ngazi ya mwisho hautaji kila mara yaliyofanyika ngazi ya kwanza. Omba nakala kutoka zote. Karatasi za hospitali za raia Kongo huwa za Kifaransa. Zitafutiwe tafsiri iliyothibitishwa mapema, wala usingoje ofisi ikuambie.

Vipande vya chuma vilivyobaki mwilini vinahitaji picha ya eksirei yenye tarehe. Masikio yanahitaji kipimo cha usikivu chenye mchoro, kifanywe baada ya mtu kukaa mbali na kelele kubwa kwa saa 14 au zaidi, maana sikio lililochoka kwa muda hupima vibaya na daktari wa upande wa pili atalitumia hilo. Majeraha ya akili ndiyo huachwa bila karatasi kabisa. Mtu anarudi Tanga, hasemi, hasinzii, anagombana nyumbani, watu wanasema ana shetani, anapelekwa kwa mganga. Mganga haandiki ripoti. Kwa wakati uleule apitishwe kliniki ya afya ya akili, aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo na ikibidi apewe rufaa ya Muhimbili au Mirembe, ili pawe na tarehe ya kwanza ya dalili iliyoandikwa na daktari.

Asilimia, na kwa nini huwa ndogo kuliko unavyotarajia

Hapa ndipo watu wanapohisi wamedhulumiwa, na mara nyingi hesabu ni sahihi ila hakuna aliyewaeleza.

Mpaka 1997 Umoja wa Mataifa uliirudishia kila serikali kulingana na sheria zake, kwa hiyo askari wa nchi tajiri alithaminiwa kuliko wa nchi maskini. Kuanzia 1 Julai 1997, kwa azimio la Baraza Kuu namba 51/218 E, kiwango kikawa kimoja kwa wote: dola 50,000 kwa kifo, na kwa ulemavu wa kudumu asilimia ya kiasi hicho. Kiwango kimepandishwa tangu hapo, kwa hiyo uliza ni kipi kilikuwa kikitumika tarehe ya tukio. Katika mifano hii tunabaki na 50,000 kwa kuwa ni rahisi kuhesabu.

Asilimia haipimwi kwa uchungu wala kwa kazi uliyoipoteza. Hutolewa kwa miongozo ya Chama cha Madaktari cha Marekani, inayopima upungufu wa mwili mzima. Kiungo kidogo hubadilishwa hatua kwa hatua. Kidole gumba ni asilimia 40 ya kiganja. Kiganja ni asilimia 90 ya mkono, kwa hiyo gumba ni 36 ya mkono. Mkono ni asilimia 60 ya mwili, kwa hiyo gumba lote likiondoka ni karibu 22 ya mwili mzima. Kwa 50,000 hiyo ni dola 11,000. Kidole cha shahada ni 20 ya kiganja, kikifika mwilini kinabaki 11, yaani dola 5,500. Kiganja chote kikikatwa kwenye kifundo ni 54, dola 27,000. Mguu mzima ni 40 ya mwili. Uliokatwa chini ya goti huhesabiwa 70 ya mguu, hivyo 28 ya mwili, dola 14,000. Uziwi kamili wa masikio yote mawili hufika 35. Toleo moja la miongozo hutofautiana kidogo na lingine, lakini njia ni hiyo.

Majeraha mawili hayajumlishwi kama bei sokoni. Mwenye 28 ya mguu na 11 ya kidole hapati 39. La pili huhesabiwa kwenye mwili uliobaki: 100 ukitoa 28 zimebaki 72, asilimia 11 ya 72 ni karibu 8, jumla 36. Ukiletewa barua yenye 36, usiandike malalamiko ya kuibiwa 3. Lakini ukiletewa 28 peke yake, basi kidole kimesahauliwa, na hapo andika mara moja.

Jambo lingine la wakati: tathmini hufanywa jeraha likishatulia, yaani pale ambapo matibabu hayatarajiwi kuongeza nafuu kubwa. Anayekimbilia bodi miezi miwili baada ya upasuaji huambiwa arudi, au mbaya zaidi hupewa asilimia ya siku ambayo kiungo kilionekana kinaendelea vizuri, kisha kikakakamaa baadaye. Kamilisha mazoezi ya viungo kwanza, na weka kadi za mahudhurio. Daktari anayeandika ripoti aeleze nyuzi ngapi goti linakunjika, kipimo cha nguvu, na kiungo kimekatwa wapi hasa. Ripoti inayosema "mgonjwa ana ulemavu mkubwa" haina kitu cha kuhesabia.

Dai la Umoja wa Mataifa haliendi kwa jina la familia. Serikali hulipeleka kupitia Ubalozi wa Kudumu ulioko New York, likiwa na taarifa ya majeruhi, ripoti za madaktari na uthibitisho wa utumishi, na fedha hulipwa kwa serikali, ambayo humlipa mhusika. Baraza Kuu limeitaka Sekretarieti kuyamaliza madai haya ndani ya miezi mitatu tangu yawasilishwe. Kwa hiyo ukiona miaka inapita, swali la kuuliza kikosini ni hili, kwa maandishi: dai limewasilishwa tarehe gani, na kwa kumbukumbu namba ngapi? Ukijibiwa kwamba bado linaandaliwa, umejua kwamba kuchelewa kuko huku nyumbani, na unajua karatasi gani ya kuipeleka. Ugonjwa pia unafidiwa, ilimradi umetokana na utumishi. Malaria kali iliyomuua mtu porini si "kifo cha kawaida" cha kuachwa bila kudai.

Majina

Tanga ina ugonjwa wake, na ni wa majina. Askari aliandikishwa Saleh Ally, cheti cha kuzaliwa ni Salehe Ali, NIDA imeandika Swaleh Ally Juma, hati ya ndoa ya msikitini inasema Saleh bin Ali. Mke ni Mwanaidi kwenye ndoa na Mwanahidi kwenye kitambulisho. Kwa mtu wa Ngamiani hao ni watu wawili. Kwa karani wa malipo ni sita.

Chukua jina lililo kwenye kumbukumbu za jeshi, pamoja na namba ya jeshi, liwe ndilo jina mama. Tofauti ndogo za tahajia hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, kinachosema majina yote haya ni ya mtu mmoja. Orodhesha kila tahajia na hati ilikotokea, maana kiapo kinachotaja mawili tu kitakukwamisha likitokea la tatu. Mtu aliyebadilisha jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Inakili kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, usiandike kwa kuimbiwa kwenye simu. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Kadi ya kliniki husaidia kupata cheti, lakini yenyewe si cheti.

Pensheni ya nyumbani

Wanajeshi wa JWTZ hawako PSSSF, ule mfuko wa watumishi wa umma ulioanza 1 Agosti 2018. Pensheni yao hulipwa na Hazina. Kwa hiyo mtu akikuambia uende ofisi ya PSSSF kumfuatilia mzee aliyestaafishwa kwa ugonjwa jeshini, umepotezwa njia. Anayeachishwa kwa sababu za afya hupita bodi ya madaktari, kisha faili la utumishi hufungwa na kupelekwa kwenye malipo: kiinua mgongo kwa mkupuo, na pensheni ya kila mwezi kwa anayestahili.

Makosa yanayogharimu hapa ni ya kusaini haraka. Barua ya kuachishwa ina sababu ya kuachishwa. "Kwa maombi yake" na "kwa sababu za kiafya zitokanazo na utumishi" zina malipo tofauti, na ukishasaini ya kwanza kuirudisha ni kazi ya miaka. Soma mstari wa sababu, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kumaliza na cheo. Mwezi mmoja uliokosekana kwenye tarehe ya kuandikishwa hupunguza hesabu yote inayofuata.

Baada ya malipo kuanza, kuna uhakiki. Serikali huita wastaafu wanaolipwa na Hazina waje wenyewe wakiwa na kitambulisho cha pensheni, kitambulisho cha taifa na taarifa za benki. Asiyeonekana husimamishiwa malipo. Tanga fuatilia Hazina Ndogo na matangazo ya mkoa. Mzee asiyeweza kutembea, tuseme yuko Maramba au Mgambo ndani kabisa, taarifa yake itolewe mapema kwa barua ya mtendaji wa kata na ya daktari, kabla ya zoezi kuisha.

Mguu bandia usiusahau kwenye mpango wa pesa. Hudumu miaka michache, kisiki hubadilika umbo, na soketi, yaani kikombe kinachovaliwa kwenye kisiki, ikilegea hutoa vidonda. Kutoka Tanga njia ni mbili na umbali unakaribiana, takriban kilomita 350 kila upande: hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, au hospitali ya CCBRT Dar es Salaam. Anayetumia fidia yote kununua bodaboda mbili asiache hata ya soketi inayofuata atajuta, na hilo tunalisema bila kumung'unya maneno.

Akifariki

Wafiwa wafanye kikao cha familia na waandike muhtasari wenye sahihi za wote, ukimtaja anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kisha cheti cha kifo kutoka RITA, barua ya serikali ya mtaa, na maombi kwenye Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1 kama marehemu alifuata sheria ya Kiislamu au mila. Mahakama hutoa tangazo, hungoja mapingamizi, kisha hutoa Fomu Namba 4 ya usimamizi. Ndani ya miezi minne msimamizi anarudisha orodha ya mali kwa Fomu Namba 5 na hesabu kwa Fomu Namba 6. Wengi hupata Fomu 4, wakachukua pesa, wakaisahau 5 na 6. Ndugu mmoja akilalamika, hakimu anaweza kuwaondoa.

Jina lililo kwenye fomu ya ndugu wa karibu aliyojaza askari kabla ya safari halimfanyi mtu huyo kuwa mrithi wa kila kitu. Kila malipo yakija, uliza kwa maandishi kama ni sehemu ya mirathi au ni ya wategemezi waliotajwa, maana mgawanyo wake ni tofauti. Askari aliye hai anayesoma hapa aende masjala ya kikosi akaangalie fomu hiyo. Wapo walioiandika wakiwa makuruta na jina lililopo ni la mama aliyekwishafariki.

Mke asiye na hati asikate tamaa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawapa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume dhana ya ndoa, lakini mahakama ndiyo itamke. Mwenye hati ya msikitini ahakikishe ndoa imesajiliwa.

Ukikataliwa

Anza ndani. Askari hupeleka malalamiko kwa kamanda wake na kupanda ngazi. Familia huandika barua, hupeleka nakala mbili na kurudi na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Omba sababu za kukataliwa kwa maandishi, kisha jibu sababu hiyo tu kwa ushahidi mpya. Barua ya kurasa sita inayosimulia mateso yote haisomwi.

Malalamiko ya utawala hupokelewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ukielekea mahakamani, saa inatembea: mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu ichunguze uamuzi wa ofisi ya serikali, huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na kibali huombwa kwanza; kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa. Masjala ya Mahakama Kuu iko Tanga, kwa hiyo huna haja ya kulifuata shauri Dar. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017 hupatikana kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, na hawatozi.

Anayetoza ni yule anayepiga simu akijitambulisha kuwa "afande wa makao makuu", anajua cheo na hata kikosi, anataka ada ya kufungua faili ili hundi itoke. Mwambie aandike barua yenye kumbukumbu namba, ipitie kikosini.

Jambo la mwisho linawahusu wastaafu waliokuwa walinzi wa kampuni pale bandarini au kwenye mashamba ya mkonge. Ukiumia hapo, jeshi halihusiki. Aliyekuajiri amekuchangia, au alipaswa kukuchangia, kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwambie mwajiri siku hiyohiyo kwa maandishi. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Ukiwa huwezi kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo kwa pensheni ya mwezi. Jeraha la zamani la vitani litaje kwenye fomu na uambatanishe ripoti yake, ili daktari apime lililoongezeka. Ukilificha likaonekana kwenye eksirei, dai zima litatiliwa shaka.